Gari Lililonikosesha Maziko ya Mama

Voi,
Jumatatu, Mfunguo Pili, 1986.

Kwa ndugu yangu Athman, Mambrui.

Assalaam alaykum. Ninatumai barua hii itakukuta umeketi wala si kulala, na kwamba mgongo wako umeanza kupoa. Shangazi alimpa dereva mmoja wa Malindi maneno ya kuniletea, na kati ya maneno hayo alisema kwamba tangu siku ya maziko huwezi kuinama hata kuokota kofia. Mimi mwili wangu ni mzima. Mke wangu naye ni mzima, na kila siku huniuliza kama nimekwisha kukuandikia. Kila siku nimekuwa nikimjibu kwamba nitaandika kesho.

Nimeianza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu kila mara nilijikuta najitetea. Leo sijitetei. Ninataka ujue kwa nini sikuwahi kumzika mama, jambo baada ya jambo kama lilivyotokea, kisha unihukumu unavyoona.

Uliponipigia simu asubuhi ile dukani kwa jirani yangu, nilijua habari kabla sijakishika chombo sikioni. Hakuna mtu wa Mambrui atakayesafiri hadi Malindi kutafuta simu alfajiri ili aniulize hali.

"Kaka," ulisema, "mama ametutoka. Jana, baada ya Isha."

Nikauliza swali lisilo na maana: "Alikula?"

"Uji. Vijiko viwili."

Kisha ukaniuliza tumzike saa ngapi, ukasema watu wanataka Adhuhuri. Nikakwambia: "Alasiri. Nitakuwa nimefika. Na nikichelewa, Athman, msinisubiri. Maiti hacheleweshwi kwa ajili ya mtu."

"Hata wewe, kaka?"

"Hata mimi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nimeyaandika maneno hayo kama tulivyoyasema, ili yawepo kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu yeyote akikuuliza, mwonyeshe ukurasa huu.

Kuna jambo jingine ambalo hulijui. Nilipokuja Ramadhani iliyopita, wewe ukiwa sokoni, mama aliniita kitandani kwake akanishika mkono. Alisema: "Salim, siku yangu ikifika, wewe ndiye uingie kaburini unipokee. Athman amenibeba miaka miwili, chooni na kurudi. Siku hiyo mwache asimame juu na wenziwe, apumzike." Nilimwitikia. Nilimwambia asiwe na shaka. Kwa hiyo siku ile sikuwa ninakuja kuhudhuria tu. Nilikuwa ninakuja kufanya kazi niliyopewa.

Niliondoka hapa Voi saa moja na nusu, kwa gari langu lile la diseli, na nikamchukua Kazungu afuatane nami. Kazungu ni fundi, Mgiriama wa upande wa Gede, mwenye gereji ndogo hapa nyuma ya soko. Ni mtu wa maneno mengi, lakini mkono wake ni mzuri. Tangi nililijaza mpaka shingoni ili tusisimame njiani. Hesabu yangu ilikuwa kwamba saa saba tutakuwa Mambrui.

Tulipokaribia Mariakani gari likaanza kukohoa. Nguvu zikapungua, likajivuta kama linalopanda kilima kumbe njia ni tambarare, kisha likazima. Kazungu akafungua boneti, akalegeza nati iliyo juu ya chujio la mafuta, akaanza kupiga pampu ya mkono. Badala ya diseli ikatoka povu.

"Kuna hewa, Mwalimu," alisema. "Hewa ikiingia kwenye bomba la diseli, injini haiwezi. Inataka mafuta matupu."

Hilo nililijua. Akaja nyuma kufungua kifuniko cha tangi atazame kama diseli ipo. Alipokizungusha, tangi likatoa mlio, psss, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzamia. Akanitazama, nami nikamwambia, "Ipo diseli?" Akasema ipo. "Basi funga, turudi mbele." Tukaosha kikombe cha chujio, tukatoa hewa, gari likawaka mara moja. Tukasema kwamba lilikuwa na uchafu kwenye chujio. Hapo zilikuwa zimepotea dakika arubaini, wala sikuhangaika sana.

Tukapita Mombasa salama, tukavuka Mtwapa. Tulipofika karibu na njia ya Takaungu likafa tena, vilevile, kwa kukohoa na kujivuta. Safari hii Kazungu alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Nikamkataza.

"Unakwenda wapi?"

"Nifungue nione mafuta, Mwalimu."

"Mafuta tuliyaona Mariakani. Tangi lilikuwa limejaa hadi shingoni, na gari halinywi tangi zima kwa safari hii. Usinipotezee wakati. Ugonjwa uko mbele."

"Ni kutazama tu, Mwalimu. Kufungua na kufunga."

"Nimesema ugonjwa uko mbele."

Unanijua, Athman. Nikisema namna hiyo hapana mtu anayerudia neno. Kazungu akarudi mbele. Alikaza viungo vya bomba kimoja kimoja, akafungua chujio upya, akapiga pampu mpaka kidole gumba kikachubuka, na kila alipotoa hewa, hewa nyingine ikaja. Jua lilikuwa utosini. Mimi nilisimama na saa mkononi, nikimkaripia kwamba hafanyi kazi kwa mpango. Ilipokaribia saa nane gari likawaka lenyewe, kwa unyonge, bila ya sisi kujua ni lipi kati ya tuliyoyafanya lililolifaa.

Lilitufikisha kwenye feri ya Kilifi, likaingia, na tulipofika ng'ambo likakataa kutoka. Nyuma yetu kulikuwa na basi na lori la nazi, madereva wote wanapiga honi. Wapagazi wakaja kusukuma, na mmoja wao, kijana, akapiga boneti kwa kiganja akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mzee, gari lako limefunga sita nini? Halitaki hata kunywa!"

Ulikuwa Mfunguo Mosi, na watu wengi walikuwa wakifunga zile siku sita za baada ya Ramadhani. Wote wakacheka. Mwingine akajibu, "Lipe tende, litafuturu!" Kazungu naye akacheka. Mimi nikamwambia yule kijana kwamba ninakwenda kumzika mama yangu. Kicheko kikakatika pale pale. Wakaweka mabega, wakatusukuma mpaka juu kabisa ya kilima, na hawakutaka malipo. Yule wa mzaha aliniambia, "Nisamehe, baba. Mungu amweke pema." Gari likashika likiwa katika mwendo.

Tulikuwa tumepita ule msitu, tumeanza kuziona nyumba za Gede, lilipokufa mara ya tatu. Kazungu alinitazama mimi, kisha akatazama nyuma lilipo tangi. Akafungua boneti. Wakati huo ilipita matatu, dereva akapunguza mwendo akaniita.

"Mzee, panda! Malindi nusu saa. Nafasi ya mbele ipo."

Athman, hapa ndipo moyo wangu unapokwama kila siku. Nafasi ilikuwepo. Ningepanda, ningekuwa Malindi, na kutoka Malindi ningepata chombo chochote cha kunivusha mto Sabaki, ningekukuta makaburini. Labda mgekuwa mmekwisha kumwingiza, lakini ningeuona udongo ukitiwa. Nikamjibu yule dereva, "Nenda, bwana, gari langu linakaribia kuwaka. Siachi gari langu barabarani." Sikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nimesema tangu asubuhi kwamba nitafika kwa gari langu, na nilitaka kufika kwa gari langu.

Matatu ile haijapotea machoni nikasikia adhana ya Alasiri kutoka msikiti wa kando ya njia.

Nilijua kwamba wakati ule ule mnapanga safu, na mama yuko mbele yenu. Nilijua kwamba hamtanisubiri, kwa kuwa nilikukataza mwenyewe na wewe hujapata kunivunjia neno tangu utotoni. Nikachukua maji kwenye dumu, nikatawadha, nikatandika shuka kwenye majani nikasali. Nilisali Alasiri, na hapo hapo nikamsalia mama yangu peke yangu, kando ya barabara, miguu ikichomwa na miiba. Nilipotoa salamu, injini ilikuwa inanguruma. Nilidhani ni dua. Nikamshukuru Mungu, nikapanda, na Kazungu akaondoa gari.

Yaliyofuata uliyaona. Niliwakuta mmekwisha kurudi, mmekaa barazani, na wewe kanzu yako imejaa udongo kuanzia magotini hadi kifuani. Nilipouona udongo ule nilijua kwamba ni wewe uliyeingia. Ulisimama kunipokea ukaniambia, "Pole, kaka." Nami, mbele ya imamu, mbele ya shangazi aliyekuwa mlangoni, mbele ya majirani waliokuja kututuliza, nikakuuliza ni nani aliyekuruhusu.

Ulisema, kwa adabu, "Ni amri yako, kaka."

Nikakwambia, "Ulikuwa na haraka ya kumwondoa nyumbani. Umechoka naye, umepata nafasi."

Nimeandika hayo pia, kama nilivyoyasema. Ulikwenda kunawa, ukarudi na sahani ya wali uliyonipakulia kwa mkono wako, ukaiweka mbele yangu. Sikuigusa. Na asubuhi, baada ya Alfajiri, niliondoka hata hitma ya siku ya tatu haijasomwa.

Sasa sikiliza kilichotokea wakati wa kurudi, maana hicho ndicho kilichonivunja.

Gari lilizima pale pale karibu na Mariakani. Mimi sikuwa na nguvu za kuamrisha tena. Nilibaki nimekaa ndani, mlango wazi, mikono mapajani. Kazungu hakufungua boneti. Alikwenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, nikausikia ule mlio, psss. Akahesabu kidogo, akakifunga, akaja dirishani.

"Piga, Mwalimu."

"Hujatoa hewa."

"Piga tu."

Nikapiga. Likawaka.

Kazungu akasema, "Jana pale Gede, ulipokuwa unasali, ndivyo nilivyofanya. Nilifungua kwa siri. Niliogopa kukuambia, nikasema nitaonekana nimekushinda siku ya msiba wako." Kisha akakifungua tena, akakigeuza, akakileta puani. "Lakini Mwalimu, hii harufu ya papa imetoka wapi kwenye diseli?"

Akachukua mwiba wa mgunga akauchomeka chini ya mpira wa kifuniko, akatoa donge la pamba jeusi, limelowa sifa, yale mafuta ya papa, na kupakwa shahamu.

"Nani aliyeziba hapa?"

"Ni mimi."

Wewe na mimi, Athman, tulilelewa chini ya majahazi ya watu, baba akitia kalafati katika nyufa za mbao na sisi tukimsokotea pamba na kuichovya katika mafuta ya papa. Tulifundishwa kwamba tundu ni adui, na kwamba mtu akiliona huliziba kabla hajauliza ni la nini. Wakati wa masika nilikuta maji ndani ya chujio la gari. Nikatafuta yanakoingilia, nikaona kitundu kidogo kwenye kifuniko cha tangi, hakitoshi hata punje ya mtama. Ninayo bado chupa ya sifa ya baba. Nikakaa kivulini nikakitia kalafati kile kitundu kama alivyotufundisha, nikakaza kwa ncha ya msumari, nikapaka shahamu juu. Nilifurahi sana siku ile. Nilimwita mke wangu aje aone. Nilimwambia kwamba mkono wa baba haujapotea.

Kumbe tangi nalo linapumua kwa kile kitundu. Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kushika mahali pake. Ikikosa njia, tangi huyang'ang'ania mafuta yake, kama vile ukiinyonya chupa tupu kwa mdomo nayo ikakushika ulimi. Pampu huvuta, tangi halitoi, na mwishowe hewa hujipenyeza kupitia viungo vya bomba na injini hufa. Kwa kwenda sokoni na kurudi sikuligundua, kwa sababu safari ilikuwa fupi na tangi lilikuwa nusu tupu. Nililijaza hadi shingoni kwa sababu ya mama, nikaliondolea hata ile hewa kidogo iliyokuwa imebaki ndani. Kila tulipofungua kifuniko tulilipa tangi pumzi, na kila gari lilipowaka tulisifu kitu kingine. Na pale nilipomkataza Kazungu asikifungue, ndipo zilipopotea zile saa mbili ambazo zingetosha.

Kazungu hakunicheka, wala hakunilaumu. Alilitupa lile donge majanini, akajifuta mkono kwenye suruali, akasema, "Basi, Mwalimu. Twende." Na gari likaenda. Lilipanda kuelekea Voi bila ya kukohoa hata mara moja. Sijapata kuuchukia mlio wa injini nzima kama siku ile.

Mdogo wangu, hukuwa na haraka. Ulifanya nilivyokuamuru, kwa wakati niliokuamuru, na ukabeba kazi yangu juu ya kazi yako ya miaka miwili. Mgongo unaokuuma unakuuma kwa sababu mimi sikuwepo. Mama aliomba jambo moja, upumzike siku ile, na mimi ndiye niliyekunyima. Kisha nikasema mbele ya watu kwamba umemchoka.

Nimekusudia kuja kwenye arubaini. Nitakuja kwa basi, siku mbili kabla. Nilikutukana hadharani, kwa hiyo sitakuomba radhi chumbani. Nimemwandikia imamu, nimemwomba anipe nafasi baada ya sala ya Ijumaa nisimame nieleze kwamba amri ilikuwa yangu, kosa langu, na maneno yale yalikuwa ya uongo. Lakini yule ni imamu wa msikiti, na nyumba ni yako. Ukiona huwezi kunitazama bado, niandikie kwamba nisije, nami sitakuja. Sitakuuliza sababu, wala sitamtuma mtu akushawishi.

Nisalimie shangazi Mwanaisha, mwambie nimepokea maneno yake yote, hata yale makali, na ayarudie nikija. Mkeo, shemeji yangu Rukia, aliyemwosha mama kwa mikono yake, mwambie sina shukrani inayotosha na sitajifanya ninayo. Imamu wetu, Maalim Shee, mpe heshima zangu. Mzee Bakari jirani, aliyechimba kaburi na wanawe katika jua lile, mpe mkono kwa niaba yangu. Kila barua niliyoileta nyumbani miaka yote hii, salamu za kwanza zilikuwa za mama, na kwenye karatasi hii nimeacha mahali nikakaa muda mrefu kabla sijaandika jina la shangazi.

Nina ombi moja, na hili hakuna mwingine wa kumwuliza, kwa sababu ndani ya kaburi mlikuwa wewe na mjomba, na mjomba haandiki. Niandikie ulivyompokea. Niambie alikuwa mzito au mwepesi. Niambie ni nani aliyezifungua kamba za sanda, ni mkono gani uliouweka chini ya kichwa chake ulipomgeuza kuelekea kibla, na kama shavu lake lilikaa vizuri juu ya udongo. Andika polepole na usiruke kitu. Nitaisoma nikiwa nimesimama.

Ni mimi kaka yako, ninayekuomba radhi,

Salim.